Picha tatu, kanisa moja: tulivyojaribu skripti ya kamera hapa Yanonge



Majuma machache kabla ya kushusha paa la kanisa letu la zamani hapa Yanonge, wazee wa kanisa walituita sisi wa kikundi cha mawasiliano wakatupa kazi moja. Walitaka picha za ndani ya nyumba ile kabla mafundi hawajapanda juu. Ndani ya kuta hizo watu walibatizwa, wakafunga ndoa na kuagwa kwa safari ya mwisho. Watoto watakaosali katika jengo jipya watauliza la zamani lilikuwaje, na wazee hawakutaka tuwajibu kwa maneno tu.

Kazi ilionekana nyepesi mpaka tulipokusanya picha zilizokuwa katika simu za vijana. Zote zilikuwa na ugonjwa mmoja. Madirisha yalikuwa meupe kama karatasi, na katikati ya madirisha palikuwa na giza. Mimbari haikuonekana, wala mbao za dari, wala nyuso za wanakwaya. Picha chache zilizoonyesha mimbari zilikuwa zimepigwa kwa flashi, na hizo zilionyesha mimbari peke yake, kana kwamba imewekwa porini usiku wa manane.

Tulikuwa na kamera moja ndogo ya Canon, ya zamani, na kompyuta moja ya mkononi. Hatukuwa na stendi ya miguu mitatu. Umeme wetu ni wa jua, na ukiisha tunangoja kesho. Katika makala hii tunaeleza jinsi tulivyojaribu kuifundisha kamera hiyo kupiga picha tatu mfululizo kwa nuru tofauti, ikiwa mkononi, kisha kuziunganisha kuwa moja. Tunaeleza pia tulipokosea, maana makanisa mengi ya mtandao wetu yana majengo ya namna hii na kamera za namna hii.

Kwa nini jicho linaona na kamera haioni

Mtu akiingia kanisani kutoka juani, kwanza haoni kitu. Baada ya muda mfupi macho yanazoea, anaona mabenchi, anaona watu, na akigeuka dirishani anaona pia migomba iliyo nje. Jicho linajirekebisha kila linapohamia mahali pengine, na ubongo unashona vipande hivyo kuwa mandhari moja. Sisi tunadhani tumeona vyote kwa mara moja.

Kamera haina nafasi hiyo. Inafungua shata mara moja, inapokea nuru kwa muda mmoja, basi. Wapiga picha hupima nuru kwa hatua, na kila hatua moja ni nuru mara mbili ya ile iliyotangulia. Kati ya kona yenye kivuli ndani ya kanisa na ardhi iliyopigwa na jua la mchana nje ya dirisha, tofauti inaweza kufika hatua kumi. Kumi ni namba ndogo, lakini hapa ni kuzidisha mbili kwa mbili mara kumi: nje kuna nuru mara 1,024 ya ile ya ndani. Sensa ya kamera ndogo haiwezi kubeba tofauti hiyo yote katika picha moja. Ukiipa nuru ya kutosha kuona ukuta, dirisha linaungua. Ukilinda dirisha, ukuta unazama.

Jambo la pili linatuhusu sisi kwa namna ya pekee. Kipima nuru cha kamera hakijui kinachotazama ni nini. Kinakisia kwamba kila kilicho mbele yake, kikichanganywa pamoja, ni rangi ya kijivu ya kati. Weka mbele yake kwaya iliyovaa kanzu nyeupe, na madirisha mawili nyuma yake, kitasema nuru imezidi, kitaipunguza, na nyuso nyeusi za wanakwaya zitapotea. Hata zamani za filamu mambo hayakuwa bora kwetu: kwa miaka mingi kadi ambazo maabara zilitumia kusawazisha rangi za filamu ya Kodak zilikuwa na picha ya mwanamke mzungu. Basi mtu akisema picha za kanisa letu ni nyeusi kwa sababu hatujui kupiga, anasema nusu ya ukweli tu.

Dawa ya zamani

Dawa yenyewe ni ya zamani kuliko kanisa letu. Katika miaka ya 1850 Mfaransa Gustave Le Gray alipiga picha za bahari, na akakutana na shida hii hii: mbingu inang'aa, maji yana kivuli. Katika baadhi ya picha zake alitumia negativu mbili, moja ya mbingu na moja ya maji, akazichapa pamoja katika karatasi moja.

Kompyuta zilipokuja, wazo lilirudi kwa hesabu. Mwaka 1995 Steve Mann na Rosalind Picard walieleza jinsi ya kuunganisha picha kadhaa za kitu kimoja zilizopigwa kwa nuru tofauti. Mwaka 1997 Paul Debevec na Jitendra Malik walitoa njia ya kurudisha kiasi halisi cha nuru ya mandhari kutoka katika picha hizo. Hiyo ndiyo watu wanayoiita HDR, yaani picha inayobeba upana mkubwa wa nuru. Kisha mwaka 2007 Tom Mertens, Jan Kautz na Frank Van Reeth walionyesha njia nyepesi zaidi: kompyuta inapitia picha zote, nukta kwa nukta, na kuipa uzito mkubwa ile yenye nuru ya wastani, rangi iliyokolea na mistari iliyo wazi. Programu ya bure iitwayo Enfuse inafuata njia hiyo, na inafanya kazi hata katika kompyuta ya zamani isiyo na intaneti. Ndiyo tuliyotumia.

Kwa hiyo tulihitaji picha tatu. Moja ya kuangalia kivuli, moja ya kuangalia kuta, moja ya kuangalia dirisha.

Skripti ndani ya kadi

Kamera kubwa za bei zina kitufe cha kupiga mfululizo wa namna hii. Yetu haina. Lakini kwa kamera nyingi ndogo za Canon za aina ya PowerShot kuna programu ya bure iitwayo CHDK, iliyoandikwa na watu wanaojitolea. Inakaa katika kadi ya kumbukumbu na haifuti programu ya ndani ya kamera. Ukiitoa kadi, kamera inarudi kama ilivyotoka dukani. Kila aina ya kamera, na kila toleo la programu yake ya ndani, ina CHDK yake, na kuchukua isiyo yake ni kujitafutia hasara. Waandishi wake wenyewe hawatoi dhamana, hivyo tuliomba ruhusa ya wazee kwanza, kwa kuwa kamera ni mali ya kanisa.

CHDK inaweza kusoma skripti, yaani orodha fupi ya maagizo iliyoandikwa kama maandishi ya kawaida. Lugha mbili zinakubaliwa: uBASIC na Lua. Tulichagua Lua. Faili unaliweka katika folda ya skripti ndani ya kadi, unalichagua katika menyu, na ukibonyeza kitufe cha kupigia picha, kamera inafuata maagizo yote moja baada ya jingine.

Ndani ya CHDK hatua moja ya nuru inahesabiwa kuwa 96. Hesabu hiyo ilitusumbua siku ya kwanza, kisha ikawa rafiki. Muda wa shata wa sehemu 1/30 ya sekunde ni karibu 480, yaani 96 mara tano. Muda wa 1/250 ni karibu 768, yaani 96 mara nane. Muda wa 1/2000 ni karibu 1056, yaani 96 mara kumi na moja. Ukitaka kupunguza nuru kwa hatua tatu, unaongeza 288, na hakuna haja ya kugawanya kitu.

Tulikubaliana mapema kwamba skripti ibadilishe muda wa shata tu. Ukibadilisha tundu la lenzi, kina cha vitu vinavyoonekana wazi kinabadilika, na picha hazitalingana. Ukiiacha kamera ichague yenyewe rangi ya nuru, picha moja itakuwa ya manjano na nyingine ya buluu. Basi tundu likae, ISO ikae, rangi ikae, umbali wa kulenga ukae. Kinachosogea ni muda peke yake.

Jumamosi ya kwanza: mkono

Skripti yetu ya kwanza ilianza na nuru ambayo kamera iliona inafaa, kisha ikapiga picha moja yenye nuru zaidi kwa hatua mbili, na moja yenye nuru pungufu kwa hatua mbili. Hivyo ndivyo watu wengi wanavyofanya, na juu ya stendi ni sawa. Mkononi ilitushinda.

Sababu ni hesabu rahisi. Wapiga picha wana kanuni ya zamani: mkono hauwezi kushikilia kamera kwa muda mrefu kuliko moja chini ya urefu wa lenzi, ukipimwa kwa kipimo cha filamu ya milimita 35. Lenzi yetu ikiwa pana kabisa ni kama milimita 28, hivyo kikomo ni karibu 1/30 ya sekunde. Kamera ilichagua 1/30 kwa picha ya kati. Picha ya kivuli, hatua mbili juu, ikahitaji 1/8. Katika muda huo mapigo ya moyo tu yanatosha kuitikisa mikono. Na hiyo ndiyo picha iliyokuwa na mimbari.

Tukageuza mawazo. Badala ya kuanza katikati, tuanze na picha ndefu kabisa, tuseme haitazidi 1/30, na nyingine zote zishuke kutoka hapo. Ndani ya kanisa letu, madirisha yakiwa wazi, 1/30 ilitosha kwa kivuli tulipoweka ISO 400. Chembechembe ziliongezeka kidogo, lakini picha yenye chembechembe inasomeka kuliko picha iliyotikisika. Hatua mbili mbili hazikufika dirishani: 1/30, 1/125, 1/500, na bado nje paliungua. Tukaweka hatua tatu tatu: 1/30, 1/250, 1/2000. Kati ya picha ya kwanza na ya mwisho nuru inapungua mara 64. Kwa mara ya kwanza majani ya migomba yalionekana.

Kosa la pili lilikuwa la uandishi wetu. Katika skripti tuliiambia kamera ipige, ilale sekunde moja, ipige tena. Na kila mara ilipopiga, ililenga upya na kuonyesha picha kwenye kioo kwa sekunde nyingine. Mikono haingoji. Kati ya picha ya kwanza na ya tatu tulikuwa tumeshahama nusu ya shubiri. Tukazima onyesho la picha, tukazima flashi, tukaagiza kamera ilenge mara moja mwanzoni kisha ifunge umbali huo, na tukafuta usingizi wote usio na kazi. Mwisho wa skripti tuliongeza agizo la kufungua tena umbali, maana mara ya kwanza tulisahau, na picha zote zilizofuata siku ile zikatoka na ukungu.

Hata hivyo muda kidogo ulibaki kati ya picha na picha, na mkono ulihama kidogo. Hapo kompyuta inasaidia. Mwaka 2003 Greg Ward alieleza ujanja mmoja mzuri kwa picha za mkononi. Picha mbili za nuru tofauti hazifanani, moja nyeusi na moja nyeupe, kompyuta itazilinganishaje? Alisema: katika kila picha tafuta nuru ya katikati, ambayo nusu ya nukta zina nuru zaidi yake na nusu zina pungufu. Zilizo juu zifanye nyeupe, zilizo chini zifanye nyeusi. Sasa picha zote mbili zinatoa mchoro unaofanana, kwa kuwa kilichokuwa na nuru kuliko jirani yake kinabaki hivyo katika zote. Kisha sogeza mchoro mmoja juu ya mwingine mpaka ulingane. Programu nyingine, kama ile inayokuja pamoja na Hugin, ambayo nayo ni ya bure, hutafuta alama zinazofanana katika picha na kuzipanga kwa alama hizo.

Lakini kompyuta haiponyi kila kitu. Ukizungusha mkono kidogo, picha yote inahama pamoja na inaweza kurudishwa. Ukihama mwili, nguzo iliyo karibu inahama kuliko ukuta ulio mbali, na hakuna namna ya kuvilinganisha vyote viwili. Tulijifunza kuegemea ukuta, kuweka viwiko juu ya benchi, na kuweka kamera juu ya kifuko cha mchele. Pale pasipo na benchi tulitumia kamba: chini ya kamera kuna tundu la skrubu ya robo inchi, unafunga kamba kwenye skrubu hiyo, unakanyaga ncha ya pili, unavuta juu kidogo mpaka kamba ikaze. Vifaa hivyo vyote vilitoka jikoni na sokoni.

Jumamosi ya pili: Koko aliyepotea

Jumamosi ya pili mama wa kanisa walikuwa wanafagia na kupanga mabenchi. Tukaona vema watu waonekane, kwa kuwa kanisa si kuta. Tukapiga mfululizo mmoja kutoka nyuma, tukaunganisha palepale, tukawaonyesha kwenye kompyuta.

Kuta zilitoka vizuri, madirisha yalitoka vizuri. Kisha Koko mmoja, mzee kuliko wote waliokuwapo, akasogea akatazama kwa muda. Akauliza, "Mimi niko wapi?" Alikuwa ameketi benchi la pili. Katika picha ya kwanza alikuwa ametazama mbele, katika ya tatu alikuwa amegeuka kumsalimu mtu aliyeingia. Kompyuta ilichukua kidogo huku na kidogo kule. Mahali pake palikuwa na kivuli cha mtu, na kupitia bega lake lilionekana benchi.

Vijana wakacheka. Yeye hakucheka. Akasema, "Wanangu, mimi bado sijakufa, na nimesali humu tangu msichana. Mmeacha benchi, mmeniondoa mimi."

Tulinyamaza. Tulikuwa tumejisifu kwamba njia yetu inaona mwanga na kivuli kwa pamoja, nayo ilikuwa imemfuta mtu aliye hai kwa sababu tu aligeuka kusalimu. Kwa lugha ya wapiga picha jambo hilo huitwa mzimu, na zipo programu zinazojaribu kuliondoa kwa kuchagua picha moja mahali palipo na mwendo. Lakini nyingi zinaliondoa kwa kumwondoa mtu kabisa, na hapo ndipo picha inapoanza kusema uongo kwa sura nzuri.

Picha na ukweli katika nchi hii

Sisi Waprotestanti wa Kongo tuna sababu ya pekee ya kuangalia jambo hilo. Mwaka 1904, katika kituo cha misheni cha Baringa, mtu aitwaye Nsala, wa kijiji cha Wala, alifika akiwa amebeba kifurushi cha majani. Ndani yake kulikuwa na mkono na mguu wa binti yake mdogo, Boali, aliyeuawa na walinzi wa kampuni ya mpira wakati wa Dola Huru ya Kongo ya Mfalme Leopold wa Pili. Mmisionari Mwingereza Alice Seeley Harris alimwomba aketi barazani, akapiga picha. Picha hiyo na nyingine zake zilionyeshwa makanisani na katika kumbi za Uingereza na Marekani kwa taa ya kumulika ukutani, watu wakaona walichokuwa wakikikataa kwa masikio. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo serikali ya Ubelgiji. Mateso hayakuisha siku hiyo, lakini utawala ule wa mtu mmoja uliisha, na picha zilikuwa na sehemu katika kuisha kwake.

Waliotetea utawala ule walijaribu kukana ushuhuda wa wamisionari. Ingekuwaje kama picha ya Nsala ingekuwa imeunganishwa kutoka vipande? Nguvu yake ilikuwa kwamba mtu yule aliketi pale, siku ile, mbele ya lenzi ile.

Hatulinganishi dari la kanisa letu na msiba wa Nsala. Tunasema tu kwamba picha ya kanisa ni ushuhuda, na shahidi anatakiwa aseme alichoona na jinsi alivyoona. Baada ya maneno ya Koko tuliketi na wazee, tukaweka kanuni tatu. Kwanza, njia ya picha tatu ni kwa ajili ya jengo na vitu visivyotembea. Pili, watu wanapigwa kwa picha moja, na nuru inapimwa usoni mwao; dirisha likiungua, liungue. Tatu, kila picha iliyounganishwa inaandikwa wazi kwamba imeunganishwa, na zile tatu za asili zinatunzwa pamoja nayo, ili mwenye shaka aweze kuzitazama.

Jumamosi ya tatu na Jumapili ya mwisho

Jumamosi ya tatu tulikwenda asubuhi, kanisa likiwa tupu. Tulikuwa tumegundua kwamba kazi kubwa ya kupunguza tofauti ya nuru haifanywi na skripti. Tulifungua milango yote ili ndani pawe na nuru zaidi. Kwenye dirisha moja ambalo jua liliingia moja kwa moja, vijana walishika shuka nyeupe kwa nje, nuru ikatawanyika na doa kali la jua sakafuni likaondoka. Kisha tulipiga mimbari, meza ya Bwana, dari, mlango mkubwa, na ukuta wa nyuma ambako watoto wa vizazi vingi walipimana urefu kwa mkaa. Alama zile hatukuwahi kuziona katika picha yoyote. Katika picha iliyounganishwa zinasomeka.

Kila mfululizo tuliupiga mara tatu, kwa kuwa hatungejua mpaka kwenye kompyuta ni upi mkono ulitulia. Mahali pengine hata mmoja haukufaa, tukarudia. Kabla ya kuzima kompyuta tulinakili vyote katika kadi ya pili, ikakaa nyumbani kwa mtu mwingine.

Jumapili, siku ya ibada ya mwisho chini ya paa lile, skripti ilikaa kwenye kadi bila kazi. Tulipiga picha moja moja. Tulisogea karibu, tukajaza kioo kwa uso, tukapima nuru hapo. Koko tulimweka benchi lake la pili, upande wa dirisha, nuru ikimwangukia shavuni. Nyuma yake mlango ni mweupe kabisa, hakuna kinachoonekana nje. Uso wake unaonekana wote, mpaka mikunjo ya macho. Tulimpelekea iliyochapishwa Kisangani. Aliitazama, akasema, "Sasa niko," akaiweka ndani ya Biblia yake.

Kwa wenzetu wa makanisa mengine

Ikiwa mna jengo la kutunza katika picha na kamera ya namna hii, tunashauri haya kwa ufupi. Hakikisheni CHDK ni ya kamera yenu na toleo lake. Fungeni tundu la lenzi, ISO, rangi na umbali. Anzeni na 1/30 kwa kivuli, mshuke kwa hatua tatu tatu. Zimeni flashi na onyesho la picha. Egemeeni kitu kisichotikisika, na msiweke nguzo karibu na lenzi. Fungueni milango kabla ya kugusa kitufe chochote. Rudieni kila mfululizo. Tunzeni picha za asili. Na mtu akiwa mbele yenu, acheni skripti, mtazameni yeye.

Katika Injili ya Marko, sura ya nane, kuna kipofu wa Bethsaida. Bwana alimgusa, naye akaona watu kama miti inayotembea. Bwana hakumwambia kwamba hiyo inatosha. Alimgusa mara ya pili, mpaka akaona kila kitu sawasawa. Mara nyingi tumeihubiri habari hiyo kama fundisho la imani inayokua. Baada ya majuma haya tunaisoma pia kama onyo kwa watu wa kamera: yupo anayeona jengo lote vizuri na bado anawaona watu kama miti. Huyo anahitaji kuguswa tena.

Paa limeshashuka sasa. Kuta zimesimama wazi juu, mvua ya kwanza imezilowesha, na alama za mkaa zimefutika. Wajenzi wameanza kupanga matofali mapya. Tunawaomba mtukumbuke katika sala, kazi isisimame njiani, na siku ya kufungua nyumba mpya tuwe na uwezo wa kutundika picha za ile ya zamani mlangoni, na ya Koko katikati yake.

Neema ya Bwana wetu iwe nanyi.